Vijana na Muziki: Tuwaongoze, Tusiwazibe Midomo
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Katonga, Kigoma)



Mbele yetu mchana huu ipo hoja ya kuiomba shule ivunje kikundi cha muziki cha wanafunzi. Waliotoa hoja ni wakubwa wangu ninaowaheshimu. Nasimama kuipinga, nami naomba wanivumilie.

Hofu wanayoieleza si ngeni. Huko Uingereza, kuandikishwa jeshini kwa lazima kulikoma mwishoni mwa mwaka 1960. Kijana aliyezaliwa baada ya vita akawa na kazi, mshahara na jioni yake mwenyewe. Mary Quant akauza sketi fupi katika duka lake la King's Road, London. Vijana wanne wa Liverpool, mji wa bandari kama huu wetu, wakajiita The Beatles, na sahani yao ya Love Me Do ikatoka mwaka 1962. Malkia alipowapa nishani mwaka 1965, baadhi ya waliokuwa na nishani hiyo walizirudisha zao kwa hasira. Leo hasira ile imesahauliwa, na muziki umebaki.

Wimbi hilo lilitufikia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lianze kazi tarehe 1 Januari 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Nia ilikuwa njema, kwani taifa changa lilitaka kusimama kwa miguu yake. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana wa kiume yalikwisha kuwavamia akina dada huko Kariakoo. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Je, mitindo ilikoma? La hasha! Miaka ya 1970 ikaja na bugaluu, pekosi na viatu vya raizoni, na baadhi ya walionisimulia habari hizo wameketi katika ukumbi huu. (Kicheko.)

Sisemi kwamba kila kigeni ni chema. Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kuwa tulifundishwa rumba na twist huku ngoma zetu tukizipa kisogo. Alisema kweli. Hata hivyo, marufuku haikutupatia muziki wetu. Vijana wenyewe waliushika mdundo wa kigeni wakaufundisha Kiswahili. Mwaka 1991 Saleh Jabir alighani rap kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani. Redio za watu binafsi zikaanza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, nasi mashuleni tukawa tunanasa nyimbo kwenye kaseti. Mr. II na Professor Jay wakaimba juu ya maisha magumu na ahadi za wanasiasa. Wapo waliowaita wahuni. Wananchi wa Mbeya Mjini walimpeleka Mr. II Bungeni mwaka 2010, na wa Mikumi wakampeleka Professor Jay mwaka 2015.

Turudi nyumbani. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwemo, walikutana kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo walioupa jina la Kiha, Leka Dutigite. Wapo watoto wetu waliokuwa wakikionea haya Kiha mbele ya wageni. Wimbo mmoja wa vijana uliwafanya walitamke jina hilo kwa fahari.

Ndugu zangu, lipo na jambo la riziki. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15, ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa na sababu, lakini kijana wa Katonga asiyejua ila dagaa alikaa bure. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kamba zaidi ya moja ya kushika. Muziki hautawalisha wote, lakini atakayejifunza kuandika, kurekodi na kuendesha mitambo amepata kitu mkononi.

Kwa hiyo napendekeza kikundi kibaki, kwa masharti. Kiwe na mwalimu msimamizi. Masomo yatangulie. Matusi na maneno ya kuwadhalilisha wanawake yasipewe nafasi. Nasi tufanye sehemu yetu. Wasanii wengi wa mwanzo waliuza albamu nzima kwa malipo ya mara moja, bila kuelewa mkataba. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA. Kati yetu wamo wanasheria na wahasibu. Wawili tu wakija hapa mara moja kila muhula kuwafundisha vijana kusoma mkataba, watakuwa wamewafaa kuliko kufuli tunalotaka kulitia mlangoni.

Mtoa hoja ametukumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Nakubaliana naye kabisa. Lakini sisi watu wa ziwa tunajua kwamba samaki hukunjwa kwa mkono, hapigwi nyundo.

Naomba hoja ikataliwe.