MAZUNGUMZO KWA WAVUVI: KUIFUFUA MASHINE YA BOTI ILIYOLALA MUDA MREFU

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wavuvi na wenye vyombo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya mashine za kupachika ambazo zimelala majumbani kwa miaka. Takriban kila diko ninalofika huoneshwa moja: imeegemezwa nyuma ya mlango, imefunikwa gunia, mwenyewe amefariki au amesafiri, na warithi hawajui waiuze kwa uzito wa chuma au wairejeshe baharini. Nasema kwamba nyingi kati ya hizo hazijafa. Kinachoziua ni pupa ya siku ya kwanza.

Katika hili mimi ni shahidi dhidi ya nafsi yangu. Marehemu kaka yangu aliacha mashine ya nguvu za farasi 15, ikakaa miaka mitatu bila ya kuguswa. Siku nilipoitoa niliivuta kamba pale pale uani, kavu, ili nisikie sauti tu. Iliwaka, watoto wakashangilia, nami nikaiacha ingurume muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Kesho yake nikatoka na mpwa wangu. Tulipoupita mwamba tu, ilitoa harufu ya kuungua, ikapunguza nguvu, kisha ikakaza. Ulikuwa msimu wa kusi. Mkondo wetu mnaujua: huelekea kaskazini, na kusi huuzidishia kasi. Anayezimikiwa na mashine kaskazini ya Unguja husukumwa kwenye mkono wa bahari wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita na nanga haishiki kitu. Tulikesha humo, mtoto na mimi, mpaka jahazi likatuokota asubuhi.

Basi, kabla ya kuigusa kamba, fungueni plagi. Tieni ndani ya kila silinda oili kidogo, kiasi cha kijiko, muiache ilale usiku mzima. Asubuhi lizungusheni gurudumu la juu kwa mkono, polepole, kwa upande ule ule linaovutwa na kamba. Likigoma msilipige nyundo. Ongezeni oili na mngoje siku nyengine. Kutu nyepesi huachia kwa subira, lakini pistoni iliyolazimishwa huuchana ukuta wa silinda, na hapo gharama inakuwa nyengine kabisa.

Pili ni petroli. Ile ya zamani mwageni yote kutoka kwenye tangi, wala isiwe ufukweni wala kisimani. Petroli iliyokaa huacha utomvu mithili ya gundi, nao huziba vitundu vya kabureta. Ifungueni kabureta, muioshe kwa petroli safi, muipulize. Wapo mafundi wanaopenda kuvizibua vitundu hivyo kwa waya. Msiwakubalie. Waya hukipanua kitundu, na kipimo cha mafuta hakirudi tena kama alivyokipima mtengenezaji. Mpira wa mafuta, pamoja na ile pampu yake ya kubonyeza kwa mkono, ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, nunueni mwengine. Humo ndimo hewa inamoingilia.

Mchanganyiko wa oili nao una mzozo usiokwisha madikoni. Mashine nyingi za aina ya kuchanganya hutaka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini zipo za zamani zinazotaka oili zaidi, na zipo za kisasa zisizochanganywa kabisa. Kijitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa, si jirani. Anayepunguza oili ili aokoe fedha ataunguza pistoni.

Cheche hujaribiwa kwa kuiegemeza plagi kwenye chuma cha mashine, mbali na mafuta, na kuvuta kamba. Ikiwa hafifu, badilisheni plagi kwanza, kabla ya kulaumu koili.

Sasa njooni chini, ambako wengi hatuangalii. Oili ya gia ina skurubu mbili. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili zinataka kubadilishwa kabla ya safari yoyote. Oili mpya hutiwa kwa tundu la chini mpaka itokeze kwa tundu la juu. Kisha skurubu ya juu hufungwa kwanza ndipo ya chini. Kinyume chake hewa hubaki ndani.

Na hapo jirani ndipo ilipo pampu ya maji, yenye kipanka cha mpira. Mpira ule ukikaa miaka mbawa zake hujikunja na kukakamaa, na ukizungushwa mkavu huungua kwa muda mfupi mno. Ndivyo nilivyofanya mimi kwa kikombe kimoja cha kahawa. Badilisheni kipanka hicho bila ya kubahatisha, hata kikionekana kizima. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya silinda.

Mkimaliza, ipachikeni kwenye pipa la maji matamu, maji yakiupita mlango wa pampu na bati lililo juu ya panka. Gia iwe huru. Ikiwaka itatoa moshi mwingi kwa sababu ya ile oili ya silindani, msiogope. Macho yawe kwenye kile kijitundu cha kutemea maji. Kisipotema katika muda wa dakika moja, zimeni papo hapo.

Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba, mchana, maji yakiwa yanajaa, na chomboni muwe na makasia, tanga na nanga yenye kamba ya kutosha.

Kile kipanka kilichoungua nimekuja nacho, ni hiki. Kipitisheni mkono kwa mkono, wazee waanze, mzitazame mbawa zake. Baada ya hapo fundi ataifungua mashine iliyo juu ya meza, na kila mmoja ataishika skurubu ya chini kwa mkono wake mwenyewe.