Somo Moja au Mawili Chuoni?

Vijana mliomaliza sekondari, katika Siku hii ya Wakimbizi mmetuuliza, anayepata nafasi ya chuo cha ualimu asomee somo moja au mawili?

Kwetu Kongo, vyuo vya ISP hufunga masomo mawili pamoja, kama Biolojia na Kemia. Sisi tulisomea Historia na Sayansi ya Jamii: mawili kwenye cheti, lakini hasa ni somo moja na kivuli chake. Mwalimu wa Hisabati aliporudi nyumbani, darasa lake lilikaa muhula mzima bila somo, nasi tupo palepale, chaki mkononi. Tuliona aibu.

Kwa hiyo twasema mawili, na moja liwe Hisabati kwa anayeiweza. Lakini ulizeni kwanza kama la pili litaongeza mwaka. Ufadhili wa DAFI, uliopo tangu 1992, hutazama maendeleo ya mwanafunzi kabla ya kuendelea kumlipia. Anayeelemewa na moja, abaki na hilo hilo, si aibu.

Fomu zikifika, njoni na matokeo yenu, tuzijaze pamoja.