Maneno ya Kiingereza Katika Kuwekeza Mali



Mwislamu wa Uganda aingiapo benki au katika ofisi ya dalali wa hisa, mara nyingi hupewa karatasi ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Wengi hutia sahihi kwa kuona haya kuuliza. Walakini katika karatasi ile neno moja laweza kuwa ni ushirika wa halali, na neno la pili yake likawa ni riba. Kwa hiyo kuyajua maneno hayo si pambo la wasomi. Ni hifadhi ya mali na ya dini.

Neno la kwanza ni “invest”, yaani kuwekeza. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni kuvika nguo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Waingereza waliofanya biashara ya Bara Hindi walilitumia kwa fedha: fedha huvuliwa sura ya sarafu, ikavikwa sura ya bidhaa. Basi mwenye kufukia fedha chini ya kitanda hakuwekeza, ameficha tu.

La pili ni “capital”, lililotoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Waswahili husema rasilimali, neno la Kiarabu ambalo maana yake ni kichwa cha mali. Watu wa lugha mbili waliliona jambo moja. Nayo Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 279, imewahifadhia rasilimali zao wale wanaotubu na kuacha riba.

La tatu ni “share”, lenye asili ya kukata, nalo ni hisa. Mwenye hisa ni mshirika. Kampuni ya MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa watu wote mwaka 2021, hisa moja ilikuwa shilingi 200. Aliyetoa shilingi 200,000 alipata hisa 1,000. Faida ikigawanywa hupata fungu lake, liitwalo “dividend”, yaani kitu cha kugawanywa. Pasipo faida aweza kukosa, na bei ya hisa ikishuka hasara ni yake. Tena ni wajibu wake kutazama kampuni yafanya kazi gani, kwani mwenye hisa katika kiwanda cha pombe ni mshirika katika pombe.

La nne ni “bond”, maana yake kifungo. Kwa Kiswahili ni hati fungani. Hapa mtu si mshirika, bali ni mkopeshaji. Kwa desturi aliyekopa hufungwa kumrudishia fedha zake pamoja na nyongeza iliyokwisha kukadiriwa, apate faida asipate.

Na nyongeza hiyo ndiyo “interest”, neno linalotaka uangalifu kuliko yote. Katika Ulaya ya zamani Kanisa lilikataza riba. Neno hili likatumika kwa fidia ya mkopeshaji aliyepata hasara kwa kucheleweshewa deni lake. Kidogo kidogo fidia ikawa desturi, na mwaka 1545 sheria ya Uingereza ikaruhusu nyongeza isiyozidi 10 kwa kila 100. Leo karani huiita faida. Lakini kubadili jina la kitu hakubadili kitu chenyewe.

Wako pia wanaokimbia kila kitu kwa hofu, mali zao zikadumaa. Hilo nalo si sawa. Mudharaba ni njia ya tangu zamani: mmoja hutoa mali, mwenziwe hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mafungu waliyopatana, na mali ikipotea bila ya uzembe wala hiana, hasara ni ya mwenye mali. Uganda ilibadili sheria yake mwaka 2016 ili benki za Kiislamu ziruhusiwe, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni.

Basi kabla ya kushika kalamu, na aulize mtu maswali mawili: Je, katika karatasi hii yeye ni mshirika au ni mkopeshaji? Na hasara ikitokea, itakuwa juu ya nani? Asiyepata jibu la wazi na airudishe karatasi, akawaulize wajuzi. Kuuliza si aibu; aibu ni kuwarithisha watoto mali isiyojulikana asili yake.