Moyo wa Mgonjwa wa Saratani Nao Uangaliwe



Mgonjwa anayeanza dawa za kemo huambiwa mapema kwamba nywele zitanyonyoka na tumbo litamsumbua. Jambo linalosahaulika ni moyo. Mama aliyekuwa akipanda kilima na ndoo ya maji sasa anasimama mara mbili kati ya jikoni na choo. Miguu imevimba, malapa hayaingii. Usiku analala ameegemea mito mitatu. Nyumbani wanasema, "Ni dawa tu, itapita." Huenda ni dawa kweli, lakini ikiwa imefika kwenye moyo, haifai kungojewa ipite.

Ipo dawa ambayo wagonjwa huitambua kwa rangi yake nyekundu, hata mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au mbili. Jina lake ni doksorubisini. Hutumika kwa saratani ya matiti, ya damu na ya tezi za limfu, na imeokoa watu wengi. Ila inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na kila dozi hujumlishwa na zilizotangulia, maisha yote. Ndiyo maana madaktari huweka kikomo, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita mraba ya mwili. Madhara yanaweza kujitokeza hata miaka 10 baada ya matibabu, na aliyetibiwa akiwa mtoto hajaepuka. Basi ile karatasi ya matibabu isitupwe wala isifungiwe mandazi. Daktari mwingine, katika hospitali nyingine, ataihitaji.

Trastuzumabi, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, ni tofauti kidogo. Mara nyingi moyo hurudia nguvu zake dawa ikisimamishwa kwa muda, mradi tatizo ligunduliwe mapema. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa eko kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 3 hivi. Eko ni picha ya moyo inayopigwa kwa mashine kama ile ya wajawazito; haiumi. Mionzi ya kifuani pia inaweza kuathiri moyo, hasa upande wa kushoto.

Aliye hatarini zaidi ni mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo wa zamani, na mzee wa zaidi ya miaka 65. Presha angalau inapimika karibu na nyumbani, kwenye zahanati au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii mwenye mashine. Mgonjwa aseme wazi dawa zote anazomeza, pamoja na za mitishamba.

Mizani nayo husaidia. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, jamaa hufurahi wakisema amenenepa, kumbe ni maji yanayojaa mwilini. Apigie kliniki yake siku hiyo hiyo. Asiache kemo kwa hofu, maana saratani haingoji. Daktari ndiye atakayebadilisha dawa, kupunguza dozi au kuongeza dawa ya moyo.

Maumivu ya kifua, kuzirai, au kukosa pumzi akiwa ameketi: hapo apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku na tarehe ya kliniki ni kesho.