Mimi Sichezi Kamari, Ustadh, Mimi Ninasoma

(Mada iliyotolewa katika darsa la vijana, baina ya Magharibi na Isha)

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao. Amma baad.



Mada ya leo sikuichagua mimi. Ililetwa na kijana mmoja wa darsa hili, naye ameniruhusu kuizungumza kwa sharti kwamba nisimtaje. Alinisubiri mlangoni baada ya Isha akiwa na daftari mkononi. Nilidhani ni maswali ya nahau. Nilipolifungua nikakuta kurasa kwa kurasa za hesabu, kwa mwandiko mzuri, na kila ukurasa una kichwa chake: Omaha, Razz, Badugi. Nikamuuliza ni elimu gani hii. Akasema ni poka, mchezo wa karata, na kwamba anaucheza kwenye intaneti kwa fedha kidogo kidogo. Kisha, kabla sijafumbua kinywa, akasema: “Mimi sichezi kamari, Ustadh, mimi ninasoma. Anayecheza kamari hutegemea bahati. Mimi ninategemea hesabu.”

Ningeweza kumsomea aya akaenda zake. Lakini mtu aliyekuja na hoja hujibiwa kwa hoja, na mwalimu anayehukumu jambo asilolijua hujidhalilisha yeye na elimu yake. Nikamwomba anifundishe, nasi tukakaa siku tatu.

Ni haki kusema kwanza kuwa alichojifunza ni elimu kweli. Karata ni 52. Katika mchezo wa Texas Hold'em, ambao ndio mashuhuri, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na jozi zinazoweza kutokea ni 1,326. Katika Omaha hupewa nne, na idadi hupanda hadi 270,725. Tena analazimika kutumia mbili tu kati ya hizo nne, pamoja na tatu zilizo wazi mezani. Razz ni kinyume cha mazoea: karata ni saba, na anayeshinda ni mwenye tano za chini kabisa, yaani ree, mbili, tatu, nne na tano. Badugi ni ya ajabu zaidi: karata nne, zote za chini, na zisifanane hata kwa aina, awepo wa kopa, wa uru, wa shupaza na wa pau. Kijana wetu alikuwa amekokotoa mwenyewe kwamba kupewa karata nne za namna hiyo kwa mara ya kwanza hutokea takriban mara moja katika 16. Nilirudia hesabu yake, nikaikuta sahihi.

Sasa nikamuuliza swali moja: kwa nini Razz na Badugi? Kwa nini usibaki katika mchezo unaojulikana na wote? Jibu lake ndilo lililonifanya niandae mada hii.

Alinieleza historia. Mwaka 2003, mhasibu mmoja wa Tennessee nchini Marekani, Chris Moneymaker, aliingia katika mashindano makuu ya poka ya Las Vegas kwa kufuzu kupitia intaneti, kwa kiingilio kisichofika dola 100, naye akawashinda watu zaidi ya 800 na kuchukua dola milioni 2.5. Habari hiyo ilivuma duniani. Mwaka 2006 walioshiriki mashindano hayo hayo walikuwa 8,773. Vikaandikwa vitabu, yakaanzishwa mafunzo, kisha zikaja kompyuta. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kuwa wameutatua mchezo wa Hold'em wa watu wawili wenye dau la kikomo. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus iliwashinda mabingwa wanne kwa siku 20, na mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Leo mchezaji wa kawaida hununua programu inayomfundisha hatua sahihi kwa kila hali. Kwa hiyo, asema kijana wetu, meza za Hold'em zimejaa watu waliosoma, na faida imekauka. Wajuzi wanashauri: nenda kwenye michezo isiyojulikana sana, kwa kuwa huko wengi hawajui wanachokifanya.

Ndugu zangu, lisikieni neno hilo vizuri. Hakushauriwa kwenda huko kwa sababu elimu yake ni tamu zaidi. Ameshauriwa kwenda huko kwa sababu kuna wajinga wengi zaidi. Na wachezaji wenyewe wana jina kwa mtu dhaifu mezani: humwita samaki. Sehemu kubwa ya ustadi wao ni kuchagua meza yenye samaki, na kuiacha isiyo nao.

Nikachukua kalamu, nikaandika katika daftari lake hilo hilo. Watu sita wameketi, kila mmoja na shilingi 20,000. Jumla 120,000. Mwenye tovuti, tuseme, anakata tano katika kila mia ya dau linaloshindaniwa. Fedha zikizunguka usiku kucha hadi madau yakafika 600,000, yeye ameshakata 30,000, na mezani zimebaki 90,000. Hapakulimwa shamba, hapakushonwa nguo, hapakubebwa mzigo kutoka bandarini. Watu sita wameleta 120,000, nao wanagawana 90,000. Shilingi yoyote ya ziada aliyoondoka nayo mmoja wao imetoka mfukoni mwa mwenzake, wala haina mahali pengine ilipoweza kutoka. Kijana akaitazama kwa muda mrefu. Akasema: “Hesabu ni sahihi, lakini mfanyabiashara naye hufaidika na asichokijua mwenziwe.”

Hoja hii ni nzito, na jawabu lake limo katika Sunna. Mtume (S.A.W.) alikataza kuupokea msafara nje ya mji na kununua bidhaa kabla mwenye mali hajafika sokoni akajua bei. Na katika riwaya ya Muslim, mwenye mali amepewa khiyari: akifika sokoni na kuona amepunjwa, anaweza kuvunja mauzo. Tazameni. Hapa kuna bidhaa ya kweli, muuzaji mwenye ridhaa, bei iliyokubaliwa, na bado sharia imemhurumia kwa kile asichokijua. Itakuwaje muamala ambao hauna bidhaa kabisa, na ambao kutojua kwa mwenzako ndiyo bidhaa yenyewe? Na samaki wa Badugi atapata khiyari gani akijua asubuhi kuwa hakujua?

Wapo wanaosema: mchezo ukiwa na ujuzi mwingi kuliko bahati, hutoka katika kamari. Mabishano haya yamefika hadi mahakamani. Mwezi Agosti 2012 Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kuwa poka hutawaliwa zaidi na ujuzi, na hivyo haimo katika sheria ya shirikisho juu ya biashara za kamari. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo, ikisema kuwa sheria ile haikuweka sharti la bahati kuzidi ujuzi. Mimi si mwanasheria wa Marekani. Lakini nilipoisoma kesi hiyo nilikumbuka kuwa wanachuoni wetu walijadili ujuzi karne nyingi zilizopita, wakijadili upigaji mishale. Hakuna anayesema kulenga shabaha ni bahati. Hata hivyo, wapigaji wawili wakiweka fedha kila mmoja ili mshindi achukue zote, wengi wa wanachuoni walishurutisha aingie mtu wa tatu asiyeweka kitu, au fedha zitoke kwa mtu wa pembeni. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim hawakuliona sharti hilo kuwa ni lazima, na Ibn al-Qayyim amelirefusha suala hili katika kitabu chake al-Furusiyya. Lakini ikhtilafu yao imo ndani ya mashindano yaliyoruhusiwa na Hadithi, ya ngamia, farasi na mishale. Ujuzi peke yake haukumpa mtu ruhusa ya kula dau la mwenziwe.

Hapo kijana akanyamaza, kisha akatoa lililokuwa moyoni. Katika miezi minane alikuwa amepata dola 340, na sehemu yake ameilipia karo ya dada yake. “Sikuzinywea, Ustadh.”

Nikamweleza maysir yenyewe iliyoteremshiwa aya ilikuwaje. Waarabu wa zama za Jahiliyya walichinja ngamia, wakatia mishale kumi katika mfuko. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia moja hadi saba, jumla 28. Mitatu haikuwa na kitu, na walioangukiwa na hiyo walilipa gharama. Na nyama? Walioshinda hawakuila. Waliwagawia masikini, hasa katika baridi na njaa, wakajifakharisha kwa hilo, na aliyekataa kushiriki akaitwa bakhili. Karo ya dada yako, nikamwambia, ina babu yake. Allah (S.W.) alikiri katika Suratul-Baqara kuwa zimo manufaa, kisha akaharamisha katika Suratul-Maida akitaja uadui, chuki, na kuzuiwa na dhikri na Swala. Kuhusu Swala sikumuuliza, alisema mwenyewe. Saa tatu za usiku za New York, katika miezi yao ya joto, ni saa kumi za alfajiri kwetu, na hapo ndipo meza hujaa.

Kuhusu udanganyifu nitapita haraka, kwa kuwa hata lau tovuti zote zingekuwa aminifu hukumu isingebadilika. Mwaka 2007 na 2008 ilifichuka kuwa katika Absolute Poker na UltimateBet zilikuwepo akaunti zinazoona karata za wapinzani. Tarehe 15 Aprili 2011 Marekani iliwashitaki wakuu wa kampuni kubwa tatu, na mojawapo, Full Tilt Poker, ikabainika haina fedha za kuwarudishia wachezaji wake. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014.

Yalibaki maswali mawili. La kwanza: kucheza bila fedha kabisa. Karata bila dau wanachuoni wamekhitalifiana, na wengi wa niliosoma kwao walikaza. Kwake yeye nilisema asiguse, kwa kuwa mlango alioingilia ulikuwa huo huo wa mchezo wa bure.

La pili lilihusu dola 180 zilizobaki katika akaunti. Alitaka kuziacha zipotee. Nilimkataza, kwani kuziacha ni kumwachia mwenye meza. Wenyewe hawajulikani ila kwa majina ya bandia, hivyo hawezi kuwarudishia. Azitoe, azipeleke kwa wahitaji au katika manufaa ya watu wote, si kwa nia ya sadaka bali kwa kujivua nazo. Ama ile karo iliyokwishalipwa kabla hajaijua hukumu, wapo wanachuoni waliopima jambo la namna hiyo kwa aya ya riba, inayomwachia yaliyopita yule aliyefikiwa na mawaidha akakoma. Dada yake aendelee na shule.

Akaunti aliifunga mbele yangu. Ilichukua muda, kwa kuwa tovuti ilimuuliza mara tatu kama ana hakika, na mara ya mwisho ikamwahidi dola kumi za bure akibaki.

Wabillahi tawfiq.