Vitu Tunavyopenda Kutazama

(Mazungumzo ya kikundi chetu mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Mosocho na majirani)

  

Mikutano iliyopita tumeongea sana juu ya mbuzi wa maziwa, chanjo ya kuku na kitabu cha hesabu. Safari hii tuliombwa jambo jingine kabisa. Kila mwanachama wetu alete kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono, kitu anachopenda kukitazama au kukisikiliza, halafu aseme kwa nini. Kusema ukweli tulicheka. Mama mmoja aliuliza kama kuna posho. Mwingine akasema yeye anachopenda kutazama ni ng'ombe wake akiwa ameshiba, na ng'ombe hakutengenezwa na fundi wa hapa. Lakini siku ilipofika tulikaa mpaka giza likaingia, chai ikapoa kwenye vikombe, na watu wawili karibu wagombane. Basi tukaona si mchezo.

Wa kwanza alikuwa nyanya yetu mmoja, mkubwa kuliko sisi wote. Alileta ekee. Vijana wengine hapa mtauliza ekee ni nini, na hilo peke yake ni habari. Ekee ni kile kikapu chetu cha kusukwa duara juu ya duara, cha kupakulia ugali wa wimbi. Si cha kubebea viazi sokoni. Ni cha mezani, cha mgeni, cha harusi. Ekee yake ilisukwa na mama yake. Ina mistari myeusi inayozunguka kwenye rangi ya majani makavu.

Tulimwuliza, nyanya, unapendea nini? Akasema ukipakua ugali ukajaa, urembo wa ndani huuoni. Watu wakila polepole, mstari mmoja unatokea, halafu wa pili, na mgeni anakuja kuuona wote akiwa ameshiba. Kisha akatuonyesha kwa kidole mahali mstari umepotoka kidogo. Hapo, alisema, mama yake alikuwa anasuka usiku na kibatari kikaisha mafuta. Kesho yake aliona kosa lakini hakufumua. Nyanya anasema akishika hapo anamwona mama yake ameketi.

Sasa tuwaambie jambo ambalo sisi wenyewe halitupendezi. Ekee hizo zilikuwa mbili. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mtu na gari, anatafuta vitu vya zamani nyumba kwa nyumba. Vipya hakutaka, alitaka vile vyenye moshi wa jikoni. Nyanya alikuwa na mjukuu aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Akatuuliza, na ni sisi tuliomwambia auze. Tulimwambia kikapu ni kikapu tu, elimu ya mtoto ni maisha. Pesa ililipa muhula mmoja na daftari. Wala hatusemi mtoto angekaa nyumbani. Lakini ile ekee ilikuwa na ruwaza nyingine, si hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyechukua kalamu akaichora kabla haijaingia kwenye gari. Hata kuitazama vizuri hatukuitazama. Leo nyanya akijaribu kutueleza ilivyokuwa, anaanza na vidole, anafika katikati, anakwama.

Mtu yule alirudi mwaka jana kuulizia hii ya pili. Safari hii tulimkopesha nyanya kutoka mfuko wa kikundi. Wanachama wengine walinung'unika kwamba mkopo ni wa mbegu na mifugo, si wa vikapu, na manung'uniko hayo hayajaisha. Katika mambo ya kugombania usiku ule, hili lilikuwa mojawapo.

Baada ya hapo kijana wetu mmoja akatoa jiwe mfukoni. Nyote mnajua anafanya kazi Tabaka, kule South Mugirango. Mawe ya Kisii yanajulikana duniani kuliko sisi wenyewe tunavyojulikana. Ukienda Nairobi, Mombasa, hata London, utakuta kiboko wa Tabaka kwenye rafu, na anayemnunua hajui kuna mahali panaitwa Tabaka.

Alituelezea kazi ilivyo, maana wengi wetu tumekaa karibu hivi na hatujaiona. Wanaume wanachimba jiwe shimoni kwa jembe na mtaimbo. Ni jiwe laini, likiwa na unyevu unalikata kwa msumeno wa mbao na kulichonga kwa panga na kisu. Kuna jeupe, kuna la waridi, kuna la kijivu na jeusi.  Likishachongwa linapewa kina mama. Wao wanaketi na karai la maji na msasa, wanasugua na kuosha, wanasugua tena, mpaka jiwe liwe kama ngozi ya mtoto. Halafu linapakwa nta ling'ae. Kwenye duka la watalii utaambiwa ni kazi ya mchongaji fulani. Yule mama wa karai hatajwi. Vumbi wanalivuta wote, mchongaji na msuguaji, na wakati wa mvua mashimo yanaporomoka. Haya tunayasema kwa sababu kitu kikiwa kizuri watu husahau kuuliza kimetoka wapi.

Jiwe alilolitoa mfukoni lilikuwa ndege mdogo, bado hajasuguliwa upande mmoja. Kwa nini ndege huyu na si mwingine? Akasema broka anayenunua kwao huagiza kiboko mia, ndovu mia, sabuni ya kuwekea sabuni mia (alimaanisha kisahani, tulicheka sana). Mkono unazoea. Anaweza kuchonga kiboko huku akiongea juu ya mpira. Ndege huyu hakuagizwa na mtu. Alimkuta ndani ya kipande kilichobaki, kwa vile mshipa mweupe wa jiwe ulipita kama bawa, naye akaufuata. Ilimchukua jioni tatu. Broka alimpa bei ya kiboko. Akamrudisha mfukoni.

Akatukumbusha pia kwamba Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka. Alitoka kwenye mawe haya haya, akasoma Makerere, na ndege wake wa amani amesimama Paris kwenye makao makuu ya UNESCO. Mzee mmoja akauliza, huyo wa Paris ni mkubwa kiasi gani? Kijana akasema ni mkubwa, lakini alianza kama huyu, kwa mtu kuona ndege mahali wengine wanaona jiwe. Sisi tukamwuliza mbona asiache viboko basi. Akatuangalia akasema, viboko ndio wananunua unga. Hapo hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna.

Kulikuwa na vingine tutavipitia haraka. Mama mmoja alileta kitambaa cha meza alichokifuma kwa sindano ya kroshia, cheupe, na maua kwenye kona nne. Wakabishana kama hiyo ni sanaa au ni usafi wa nyumba. Mwenyewe akasema hajali inaitwaje, akiingia nyumbani amechoka na kukiona kimenyooka juu ya kochi, anajua leo haikumshinda. Fundi seremala alileta kigoda cha miguu mitatu, akasema kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ya udongo ikiwa na mashimo. Huo ndio urembo wake. Tukamkubalia.

Mwalimu mstaafu katika kikundi chetu hakuleta kitu, alileta habari. Aliwahi kufika Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, akaingia kanisa kuu la Kianglikana. Ndani kuna picha kubwa tano ukutani juu ya maisha ya Yesu, zilizochorwa na Elimo Njau mwaka 1959. Njau ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, na alisomea uchoraji Makerere. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, kwa hiyo mnaelewa lilikuwa mahali penye kidonda. Katika picha zile Yesu ni mtu mweusi, na watu wanaomzunguka ni weusi, na milima nyuma yake ni milima ya pale pale. Mwalimu anasema kabla ya siku hiyo alikuwa amemwona Bwana kwenye kalenda tu, mwenye nywele za dhahabu. Alisimama mbele ya picha ya kuzaliwa mpaka mfagiaji akamwambia asogee. Anasema alipenda si kwa sababu ya rangi ya ngozi peke yake. Ni kwamba kwa mara ya kwanza alifikiria baridi ya usiku ule, maana baridi ya milimani anaijua.

Mama mmoja akapinga. Alisema yeye kalenda yake anaipenda, aliomba mbele yake mtoto alipougua, na asiambiwe aishushe. Hakuna aliyemwambia aishushe. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa ugomvi wa pili.

Huyo huyo Njau alianzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, nyumba ya wasanii wa Afrika Mashariki. Iliungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea. Nyanya aliposikia hivyo alivuta ekee yake karibu.

Mwisho kabisa mzee mmoja akamtuma mjukuu wake nyumbani alete obokano. Wengi wetu tulikuwa tumesahau kwamba anayo. Wengine mmeiona kwenye sherehe za shule ikiwa imeshikwa na mtu aliyevalishwa ngozi. Hii yake ni kubwa, bakuli la mti lililochimbwa, likafunikwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi nane zilizovutwa mpaka kwenye mti wa juu. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Hii ilibaki na nyuzi tano tu, na ngozi ilikuwa imeliwa na panya kwenye ukingo.

Alikaa kwenye kile kigoda cha seremala, akaiweka sawa, akapiga hizo tano. Jamani. Sauti ya obokano ni nzito, huisikii masikioni, unaisikia kifuani. Mzee akasema anaipenda kwa sababu haimruhusu mtu kudanganya. Mpigaji anamwimbia mwenye nyumba sifa zake, na akizidisha, watu wanasikia kwamba mkono umesita. Tulimwuliza wimbo ule unaendeleaje. Akasema sehemu inayofuata iko kwenye nyuzi ambazo hazipo.

Watoto wake wote wako Nairobi na hakuna aliyejifunza. Mjukuu aliyeileta ana miaka 14, na aliibeba akiinamisha kichwa kama mtu anayeona haya mbele ya wenzake.

Basi hivi ndivyo tulivyofanya mpaka sasa. Nyanya anakaa nasi kila Alhamisi baada ya mzunguko wa pesa. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo anafundisha kwa kushika vidole vyetu na kuvisukuma. Tumesuka ekee tatu, mbili zimekaa upande kama kofia ya mlevi. Ruwaza ya hii iliyobaki tumeichora kwenye karatasi ya miraba na kuiweka ndani ya kitabu cha hesabu, kwa vile ndicho kitu pekee cha kikundi kinachofungiwa kwa kufuli. Ile nyingine nyanya bado anaitafuta kwa vidole. Kijana wa Tabaka amemaliza ndege wake, na bado hajamuuza. Kwa obokano tulinunua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, maana mishipa ya ng'ombe mchinjaji anaitupia mbwa na hataki kusumbuliwa. Mzee hakuupenda, alisema unalia kama mbu. Lakini ameufunga. Kuna vijana wawili wanakuja Jumapili alasiri, mmoja wao ni yule mjukuu. Ngozi ndiyo bado. Kama kikundi chochote hapa kitachinja kabla ya Desemba, tunaomba kipande cha kutosha kufunika bakuli la upana huu. Tuiteni kabla hakijakauka.