Sema Kabla Hujageuka

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Mathayo 5:33–37)

Wewe uliye jikoni unachemsha chai, wewe uliye kwenye foleni ya feri pale Likoni, na wewe dereva uliyekwama Changamwe nyuma ya lori la kontena, hamjambo nyote? Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, ambacho dereva hukiwasha kwa kidole kimoja. Nasema juu ya indiketa, ile taa inayowaka na kuzimika ubavuni mwa gari.

Kwetu Kisauni kuna mahali paitwapo Kengeleni. Makanga hulitaja jina hilo kutwa nzima, wala wengi wetu hatufikiri limetoka wapi. Limetoka katika kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 ili kuwapa makao watu waliokombolewa utumwani. Wazee husimulia kwamba kengele ile ililizwa kuwaonya watu wakati wakamata watumwa walipokaribia. Ilipolia, mama alimshika mtoto wake akakimbia. Ilikuwa ni ishara, na aliyeipiga aliwafikiria wenzake.

Mnara wa kengele ungali umesimama kando ya barabara. Na karibu na mnara huo huo, kila siku, magari yanageuka bila kutoa ishara yoyote. Matatu inasimama ghafla kumchukua abiria mmoja. Tuktuk inapinda, na bodaboda inapenya katikati. Mwenye gari dogo naye amewasha indiketa tangu Daraja la Nyali, akasahau kuizima.

Msidhani nawasema wengine. Jioni moja nilikuwa nikiendesha gari langu karibu na hapo, nami nimechelewa ibada. Nilipofika kwenye njia ya kuingilia mtaani, nilipinda kushoto bila kuwasha indiketa. Kando yangu, nyuma kidogo, alikuwako kijana wa baiskeli aliyechukua madumu ya maziwa. Nilisikia kishindo. Nilipotoka, yuko chini ameushika mkono wake, na maziwa yanatiririka juu ya lami. Na neno la kwanza lililonitoka kinywani, mimi niliyevaa kola ya kichungaji, lilikuwa hili: "We kijana, huoni?"

Mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi, alinijia akaniambia kwa upole, "Padri, kuona aona. Lakini lililo moyoni mwako atalionaje, nawe hukusema?"

Sikuwa na jibu. Kijana alikuwa amevunjika mkono. Nililipa gharama za hospitali na za maziwa, nikaenda kwao kumwomba radhi yeye na mama yake, nao wakanisamehe. Mkono umepona. Lakini hata leo, akisikia gari nyuma yake, hushuka kwenye baiskeli akasimama kando mpaka lipite. Hilo siwezi kulilipa kwa fedha.

Ndugu zangu, sisi madereva tuna msemo tunaoupenda: ajali haina kinga. Ni kweli, ziko ajali zisizozuilika. Lakini mara nyingi twautumia msemo huo kufunika uvivu wa kidole kimoja.

Katika somo letu Bwana Yesu anafundisha kwamba mwanafunzi wake hana haja ya kuapa. Neno lake tupu latosha, kwa maana akikubali amekubali, na akikataa amekataa. Basi, indiketa nayo ni neno. Ukiwasha ya kulia ukaenda kushoto, umesema uongo, hata kama mdomo umeufumba. Usipowasha kabisa, umewanyima wenzako neno walilolihitaji. Naye Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:8, anatoa mfano wa tarumbeta ya vita. Ikilia pasipo kueleweka, ni askari gani atakayejua kwamba ajiweke tayari?

Watazameni madereva wa malori katika njia ya Mombasa na Nairobi. Ukiwa nyuma ya lori, huoni kilicho mbele. Basi dereva wa lori huwasha indiketa ya kulia kukwambia: ngoja, kuna gari laja. Huwasha ya kushoto kukwambia: njia ni nyeupe, pita. Lazima uangalie mwenyewe pia, maana huenda anataka kugeuka tu. Lakini fikirini jambo hilo! Hakujui jina, wala pengine hatakuona tena, naye amekuazima macho yake.

Tena tunayo ishara nyingine. Twamulikiana taa kuonyana kwamba polisi yuko mbele, hata kama matatu ile imejaza watu kupita kiasi. Tu wepesi wa ishara ya kuficha kosa, na wazito wa ishara ya kuokoa maisha.

Mwaka 2004, kanuni zilizoletwa na marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilitufunga mikanda na kuzipunguzia matatu mwendo. Sheria ni njema. Lakini hakuna askari wa kusimama katika kila kona ya Mtongwe, Mikindani na Bamburi. Hapo huanza kazi ya upendo. Na jirani yako barabarani ni nani? Ni yule aliye nyuma yako, ambaye humwoni ila katika kioo.

Wala si barabarani tu. Mume auza shamba, mke apata habari kwa majirani. Mzee wa kanisa aacha kazi yake bila kusema neno. Hao wamepinda bila ishara, na walio nyuma yao huumia.

Basi leo, ukishika usukani, tazama kioo, washa indiketa mapema kabla hujafika kwenye kona, geuka, kisha uizime. Mtu akikupisha, inua mkono umshukuru. Mwenye mkokoteni usimfukuze kwa honi kama mbuzi. Yeye naye anatafuta riziki. Nawe abiria, usimhimize dereva akimbie, wala usimwamuru akushushe katikati ya njia. Muungwana ni kitendo.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa wale tuliowaumiza kwa haraka zetu. Uwalinde leo waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari. Utufanye watu ambao neno letu laweza kutegemewa, barabarani na nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.